Msiuguse Mshale wa Dhahabu

Wenzangu mnaokuja Guangzhou kuchukua mzigo, na zaidi nyinyi wenye watoto wanaofanya kazi huku, naandika habari ya binti yangu Teddy ili isije ikawa habari ya mwanao. Mimi ni Yustina. Wengi mnanijua kwa jina la Mama Teddy, yule wa kwenye godauni la uchochoroni, anayewapikia ugali na mlenda mkishachoka na wali wa hapa.

Godauni lenyewe ni chumba cha chini cha jengo la zamani, ukiingia ndani kidogo kutoka barabara ya Dengfeng. Jiko langu liko ghorofa ya juu yake. Watu wa kwetu wakishanunua nguo Guangyuan Xilu, au vikorokoro vya Yide Lu, wanatuletea. Teddy anapima, anaandika jina la mwenye mali juu ya kila robota kwa kalamu nene, na mzigo ukitosha kujaza kontena anaupeleka uwanjani kupakia. Uwanja huo uko nje ya mji, upande wa Baiyun, na hauna paa. Ni saruji tupu na mbingu juu.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia. Robota likilowa wakati wa kupakia, linafungiwa ndani ya chuma, linapikwa na jua la bahari wiki baada ya wiki, na likifika Dar ukilifungua unakutana na ukungu wa kijani na harufu ya godoro la mtoto. Hilo lilishampata Teddy mara moja. Mteja wake, Herieth wa Dodoma, alimpigia simu ya picha akiwa amekaa chini katikati ya magauni yaliyooza, anamwonyesha tu moja baada ya jingine. Mwanangu hakula siku ile. Tangu hapo alikuwa akiliogopa tone la mvua kuliko jambazi.

Na mvua ya huku haitabiriki kwa macho. Asubuhi jua linawaka mpaka lami inanata, mchana maji yanafika magotini. Simu zetu zinapokea meseji za tahadhari za serikali, lakini zimeandikwa kwa Kichina, na msimu wa vimbunga zinamiminika kila mara, hii rangi ya bluu, hii ya manjano, nyingi zinapita bila jani kuanguka. Mtu anachoka. Anazifuta kabla hajatafuta wa kumsomea.

Ndipo Teddy akanunua barometa.

Aliikuta Yide Lu kwenye duka la mapambo ya ukutani, imening'inia katikati ya saa zenye picha za samaki. Ni ya mviringo, fremu ya mbao, kioo mbele. Laoban, yaani bosi wa duka, alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Alimweleza Teddy kwa simu inayotafsiri, tena alimweleza vizuri, nisimsingizie. Alisema ndani kuna kikopo cha bati kilichofyonzwa hewa. Hewa ya nje ikiwa nzito inakibonyeza, ikiwa nyepesi kinavimba, na kule kubonyea na kuvimba ndiko kunakosukuma mshale mweusi. Kimbunga kikikaribia, hewa inakuwa nyepesi na mshale mweusi unashuka kutoka penye picha ya jua, unapita penye wingu, unakwenda penye mwavuli. Picha hizo zimechorwa kwenye uso wake, na namba pembeni.

Niliijua kabla sijaiona. Darasa la sita mwalimu wetu wa sayansi, Nikodemu, alituchorea barometa ubaoni, tukaimba, barometa hupima kanieneo ya hewa, barometa hupima kanieneo ya hewa. Shule nzima haikuwa nayo. Nimekuja kuigusa nimeshakuwa mtu mzima, Uchina.

Sasa nisikilizeni kwenye hili. Barometa hiyo ina mshale wa pili, wa rangi ya dhahabu. Huo haujiendeshi. Katikati ya kioo kuna kitufe, ukikizungusha mshale wa dhahabu unazunguka. Kazi yake ni kumbukumbu. Asubuhi unagonga kioo taratibu kwa ukucha, mshale mweusi unatulia, unauleta ule wa dhahabu juu yake, unaondoka zako. Ukirudi unaangalia: mweusi umehama kiasi gani kutoka kwa mwenzake? Ile nafasi kati yao ndiyo habari yenyewe. Kila siku unashuka kidogo mchana na kupanda tena jioni, hiyo ni pumzi yake ya kawaida. Lakini nafasi ikifika upana wa kidole kabla ya mchana kuisha, kuna kitu kinakuja.

Teddy akaweka sheria. Kidole kimoja, hatupakii. Na kama tumeshaanza, tunafunga na kuondoka. Akiwa uwanjani alikuwa anapiga simu godauni kuuliza, na yeyote aliyepo anakwenda ukutani, anatazama, anamjibu.

Ilimsaidia, siwezi kukataa. Mara ya kwanza mishale iliachana kidole na nusu wakati mbingu bado nyeupe, Teddy akawarudisha vijana, na jioni ile mvua ilizoa mpaka pikipiki. Mara nyingine watu wote walikuwa wanasema kimbunga, kimbunga, wenye maduka wakabandika plasta kwenye vioo, mishale ikabaki imelala pamoja. Teddy akapakia. Kimbunga kikageukia kwingine. Tangu siku hiyo wafanyabiashara walikuwa wakija kula kwangu wanauliza kwanza barometa, halafu ndiyo shikamoo.

Mimi sikuacha kuogopa. Ndivyo nilivyo. Akienda uwanjani nampigia simu, akifika nampigia, akichelewa kujibu nampigia tena.

"Mama," aliniambia siku moja mbele ya wateja, "ungekuwa redio ningekuzima."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kesho yake nilipiga.

Siku yenyewe ilikuwa ya Septemba. Kimbunga kilikuwa baharini, kikisemekana kinaelekea Hainan, mbali na sisi. Joto la asubuhi lilikuwa la kukaba, hakuna upepo, majani ya miti ya barabarani yamesimama kama ya plastiki. Teddy alishuka, akagonga kioo, akaulaza mshale wa dhahabu juu ya mweusi. Nilimwona kwa macho yangu. Yote miwili ilikuwa penye wingu.

"Unaona?" akaniambia. "Hata hatuna la kuogopa. Leo tunaimaliza kontena ya akina Dullah."

"Chukua koti la mvua."

"Nimechukua."

"Na Abednego?"

"Abednego ana ngozi ya kiboko, mama, hahitaji koti."

Abednego ndiye msimamizi wake wa kupakia, kijana wa Tukuyu, mpole, mwenye mwili. Wakaondoka na gari la mizigo. Nikapanda jikoni kwangu.

Chini alibaki Dullah, mfanyabiashara wa Unguja, mtu mzima mwenye wajukuu. Mzigo wake wa vyombo ulikuwa kwenye kontena ile ile, akasema atakaa godauni asubiri isifungwe bila yeye kujua. Akawa ndiye wa kupokea simu. Mchana nilishuka na sahani yake nikamkuta anaongea na Teddy, simu ameiweka sauti ya wazi juu ya meza.

"Mjomba Dullah, mishale inasemaje?"

Dullah akainuka, akatazama ukutani. "Imelala kama maharusi, mwanangu."

"Hakuna nafasi?"

"Hata unywele haupiti."

"Haya. Huku tumefika nusu. Kuna kaupepo kameanza."

Sauti ya Abednego ikasikika nyuma, "Mwambie atuletee soda."

"Mwambie huyo asiyeshiba," akasema Dullah, "soda aje kuinywa huku. Mie si mtumishi wake."

Nikafurahi. Namwambia Mungu asante, imelala. Nikapanda kuosha vyombo. Dirisha la jiko langu linatazama ukuta wa jengo la pili, mbingu unaiona kipande tu. Kile kipande kilianza kuwa na rangi ya shaba, halafu mawingu yakawa yanapita upesi mno, yamechanika, kama yanafukuzwa. Nguo zangu kwenye kamba zikaanza kujipiga. Nikaingiza nguo. Nikajisemea, Yustina, tulia, mishale imelala. Lakini moyo haukutulia, nikashuka kuitazama mwenyewe.

Nikamkuta Dullah amesimama mbele ya barometa, kidole kwenye kitufe, anazungusha.

"Baba, unafanya nini?"

"Naiweka sawa."

"Sawa vipi?"

"Hii akrabu ya dhahabu haitulii mahala pake." Yeye mshale anauita akrabu, ndivyo wanavyosema kwao. "Kila nikipita naikuta imeachwa nyuma. Asubuhi nimeirudisha. Nilipotoka kuswali adhuhuri nimeirudisha. Sasa tena. Na yule mteja wenu Albina alipokuja kuchukua risiti yake nilimwona naye kairudisha, nikasema, si mimi peke yangu. Mbovu hii, Mama Teddy. Mwambie binti yako airejeshe dukani."

Nikasogea. Mishale imelala pamoja, kweli, hata unywele haupiti. Lakini haikuwa penye wingu tena. Ilikuwa penye mwavuli, chini kabisa ya mwavuli, mahali ambapo sikuwahi kuiona.

"Asubuhi ilikuwa hapa," nikamwekea kidole penye wingu. Kutoka pale mpaka ilipolala sasa kiganja changu chote kiliingia.

Dullah akatazama kiganja changu. Akanitazama mimi. Akakaa.

Nataka muelewe, huyu si mjinga. Alinieleza baadaye, macho chini. Kwenye msikiti wa mtaani kwao kuna ubao wa saa ndogo ndogo zisizo na mashine ndani, kila moja inaonyesha wakati wa swala moja. Jua linavyohama mwaka mzima, nyakati zinahama, na lazima mtu azisogeze zile akrabu kwa mkono zifuate ukweli. Kazi hiyo ilikuwa yake miaka na miaka. Watu wakizikuta haziko sawa wanamlaumu yeye. Sasa amefika ugenini, anaona ukutani akrabu mbili, moja inajiendesha, moja haijiendeshi na imebaki nyuma, na kazi yake hakuna aliyemweleza. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Alikuwa anafanya adabu. Na Albina naye alifanya kwa sababu sisi wote tukiona saa ya ukutani inadanganya, anayepita anairekebisha, anaendelea na safari yake.

Kwa hiyo kutwa nzima mshale mweusi ulikuwa unashuka, na kutwa nzima kila hatua yake ilikuwa inafutwa. Teddy akiuliza, anajibiwa ukweli. Imelala pamoja. Ilikuwa kweli kila mara.

Nikampigia. Akakata. Nikapiga, akakata tena. Anaona jina langu, anasema ni mama na mambo yake. Nje dirisha la mtu lilijibamiza na vioo vikamwagika uchochoroni.

"Nipe yako," nikamwambia Dullah.

Akapokea hapo hapo. "Mjomba, nafasi ngapi?"

"Ni mimi."

"Mama, jamani."

"Nisikilize. Mshale wa dhahabu ulikuwa unasogezwa. Kutwa. Nafasi si kidole, Teddy, ni kiganja. Ondokeni hapo."

Nilisikia upepo ndani ya simu, unavuma kama mtu anapuliza chupa.

"Kiganja?"

"Kiganja kizima. Uko penye mwavuli. Acha kila kitu mwingie kwenye gari."

"Milango iko wazi, mama. Kontena imejaa mpaka mwisho. Tunafunga tu, tunaondoka."

"Iache wazi."

"Mvua inaingia upande huu huu wa mlango. Nikiacha hivi nitawaambia nini watu?"

"Waambie mama kakataza."

Akacheka kidogo. Kicheko chake cha puani, kile alichonacho tangu mdogo. "Sasa hivi tu, mama. Abednego, shika huo." Simu ikakatika.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Abednego, na ilimchukua muda kuyasema. Kontena ina milango miwili mikubwa ya chuma. Wakati wa kupakia inafunguliwa mpaka nyuma, inalala ubavuni mwa kontena, inafungwa kwa mnyororo mfupi isije ikarudi. Mlango wa kushoto walikuwa wameshaufunga na kuukomea. Teddy alisimama mdomoni mwa kontena, anasukuma robota la mwisho lililokuwa linatokeza ili mlango wa kulia upate kuingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika nguzo ya pembeni. Abednego akafungua mnyororo. Anasema aliushikilia mlango kwa mikono yote miwili, mwili wake wote, na mnamjua mwili wake. Siku nyingine mlango ule unausukuma kwa kiwiko huku unatuma meseji. Upepo ukatokea nyuma, ukaunyanyua kama karatasi, ukamburuta yeye na mlango mpaka kwenye nguzo ile.

Anasema hakumsikia Teddy. Alisikia mlango tu.

Sitaandika njia yote ya kwenda hospitali. Miti ilikuwa imelala barabarani, gari la wagonjwa lilizunguka. Dullah na mimi tulitembea, tukapata teksi, teksi ikakataa kuendelea, tukatembea. Yeye alikuwa ananikinga upepo kwa mwili wake. Tulipofika nikaletewa karatasi ya kutia sahihi, nesi akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, akachora mstari chini ya kiwiko. Nikatia sahihi.

Kimbunga chenyewe hakikutupiga. Kilipita pembeni, tukaguswa na ukingo wake tu. Kesho yake watu walikuwa wanapiga picha miti iliyoanguka, maduka yakafunguliwa, wabeba mizigo wakarudi kukokota marobota Guangyuan Xilu. Katika simu ya Teddy nilikuta meseji imekuja mchana ule, yenye alama ya manjano. Nikamwonyesha nesi, akaisoma kwa simu yake inayotafsiri: upepo mkali unakaribia, simamisheni kazi za nje. Ilikuwa imefunguliwa na kufungwa. Na kontena, Abednego na wale vijana wa uwanjani waliifunga baada ya gari la wagonjwa kuondoka, kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Mzigo ulifika Dar mkavu. Herieth, ambaye naye alikuwa na mzigo humo, alituma ujumbe wa shukrani kabla hajaambiwa.

Dullah alikuja wodini kila siku na hakuwa anakaa. Anasimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Siku Teddy alipoanza kuongea vizuri, akamwita.

"Mjomba, njoo ukae."

"Niko vyema hapa."

"Kaa, bwana. Machungwa yenyewe nani atanimenyea?"

Akakaa, akamenya. Kisha akasema, huku anatazama ganda, "Mie nilikuwa nikiiweka sawa."

"Najua."

"Nikikwambia imelala, nilikuwa nikiiona imelala."

"Hukunidanganya, mjomba. Ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia." Akageuza uso kwenye ukuta. Dullah akaendelea kumenya mpaka machungwa yote yakaisha, hakuna aliyekula.

Kwa hiyo nawaambia, na mnaorudi mkawaambie wenzenu. Barometa nzuri, inunueni, haina ubaya. Lakini mshale wa dhahabu unaguswa mara moja kwa siku, asubuhi, na mtu mmoja anayejulikana. Wengine wote mikono nyuma. Ukiukuta umeachana na mweusi usiurudishe, hapo ndipo unapoongea. Anayeuliza kwa simu asiulize nafasi tu, aulize na mweusi umefika kwenye namba gani, maana namba hakuna kitufe cha kuizungusha. Na meseji ya manjano ikija, hata kama ni ya kumi wiki hiyo, mtafuteni wa kuwasomea na mtoke uwanjani. Nguo zilowe. Zioze. Mlango wa kontena ukiwa wazi na upepo umeanza, hakuna mali ya mtu iliyomo humo.

Teddy alikataa kurudi kwetu Kahama. Alisema atakwenda kufanya nini, kuangaliwa? Amejifunza kuandika kwa kushoto, majina kwenye marobota yanakwenda upande upande lakini yanasomeka. Juzi alitaka kwenda uwanjani, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwambia nakwenda naye, hakubisha. Zamani angebisha mpaka stendi.

Siku ilikuwa nzuri. Abednego na vijana walipakia, Teddy alisimama mbali kidogo na daftari lake amelibana kwapani. Alikuwa anaongea vizuri, anawatania, amemwambia Abednego amenenepa. Walipomaliza, kijana mmoja akauzungusha mlango kuufunga. Upepo haukuwepo kabisa. Mlango ulikuja polepole, bawaba zinalia, mtu mmoja anausindikiza kwa mkono.

Nikasikia gauni langu linavutwa nyuma. Mwanangu ana miaka thelathini na kitu. Alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wangu, ameshika nguo yangu kwa ule mkono mmoja, daftari liko chini, ameegemeza paji la uso kwenye bega langu.

Abednego akageuka na komeo mkononi. "Dada, njoo ukague kabla sijafunga."

"Funga wewe," akasema Teddy, sauti imebanwa na nguo yangu.

Tangu alipoanza kutembea nimemtaka mtoto huyu aogope. Nimempigia simu, nimemfokea, nimemwombea. Nilisimama pale jua linanichoma, sijui nifanye nini na mikono yangu. Abednego alikuwa anatusubiri. Nikamwashiria kwa kichwa afunge, na Teddy alipousikia mlango unagota aliniuma bega.